Kwa Nini Mtoto wa Nguruwe Hudumaa

Katika Bukhayo, mpakani mwa Kenya na Uganda, nguruwe wengi hufungwa kamba mimea ikiwa shambani, na baada ya mavuno huachwa wajitafutie chakula. Nguruwe wa kuuzwa ndiye ada ya shule ya nyumba nyingi. Akidumaa, ni hasara. Yafaa sababu ijulikane.

Mtoto wa nguruwe huzaliwa hana kinga katika damu yake. Huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, naye hana budi kuinyonya kabla saa 24 hazijapita; baada ya hapo utumbo hauipitishi tena kinga hiyo hadi damuni.

Viini vya ugonjwa au minyoo vikimwingia, mwili hupigana navyo. Homa humwondolea hamu ya kula, na protini ambayo ingejenga nyama hutumika kwa vita hivyo. Aweza kupona, lakini siku zake za kukua zimepotea.

Kwa hiyo mfugaji ahakikishe kwamba kila mtoto, hasa aliye mdogo, amenyonya mapema. Banda liwe kavu na safi. Nguruwe wasizurure penye kinyesi. Na dawa ya minyoo itolewe kwa shauri la bwana mifugo. Hapo ndipo chakula kitakapogeuka nyama.