Sigor na Magari Yake: Maswali kwa Fundi

Sigor iko Chepalungu, upande wa Bomet ambako mashamba ya chai yanaishia na mahindi na ng'ombe wa maziwa wanashika ardhi. Mtu wa huku akitaka kununua gari huuliza mambo mawili kabla ya bei: litabeba nini, na likikwama nani atalitengeneza kabla giza halijaingia. Maswali yafuatayo ndiyo fundi wa huku huulizwa kila mara. Anayeyajibu hana gari la kuuza.

Fundi, kwa nini kila mtu anapenda Probox? Mbona hata sura haina?

Haikuundwa itazamwe. Toyota iliitoa mwaka 2002 ichukue nafasi ya Corolla ya mizigo, lile gari ambalo makampuni ya Japani humpa mfanyakazi azunguke nalo kutwa akipeleka bidhaa. Huundwa na Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota, katika kiwanda chake cha Kyoto. Sakafu ya nyuma ni bapa na viti hukunjwa. Plastiki ya ndani ni ngumu, ukiipangusa kwa kitambaa kibichi matope yametoka. Karibu na dereva kuna kimeza cha kuvuta, ambacho kilikusudiwa mfanyakazi wa Kijapani alie chakula cha mchana na kuandikia risiti. Madereva wetu huwekea chenji.

Lakini siri kubwa iko chini ya boneti. Injini ya 1NZ ya cc 1500 iliyo kwenye Probox nyingi imo pia kwenye Fielder, Corolla NZE, Premio ndogo, Sienta za mwanzo na baadhi ya Vitz. Fundi aliyejifunza injini moja amejifunza nusu ya magari yanayopita barabarani, na duka la spea likiweka pampu ya maji ya gari moja limewawekea wengi. Kamshafti ya injini hiyo huzungushwa kwa mnyororo, si mkanda, kwa hiyo ukibadilisha oili kwa wakati hutasumbuka na mkanda wa kukatika njiani. Watu husema wanapenda Probox kwa nguvu zake. Mimi nadhani wanaipenda kwa sababu ikiharibika Sigor, hutengenezwa Sigor.

Inabeba kiasi gani hasa? Hapa tunaona watu tisa na mbuzi.

Unaona kweli, lakini aliyeiunda hakuona. Kiwanda kinasema kilo 400 za mzigo kukiwa na watu wawili mbele. Ukikalisha watu watano, mzigo unashuka hadi kilo 250. Wajapani wanapopima gari humhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55, kwa hiyo ukijumlisha watu na mzigo gari hili lilikusudiwa kubeba kilo 510 hadi 525, basi. Gunia la mahindi ni kilo 90: manne yanaingia bila shida, la tano umeshavuka. Sasa chukua watu wazima tisa wa kilo 70. Hiyo ni 630 kabla hujaweka kabichi za mtu yeyote.

Gari halitavunjika siku hiyo, na ndiyo maana watu wanaendelea. Wanaongeza springi nyuma, gari linainuka, mwenyewe anaamini ameongeza uwezo. Springi imeinua bodi tu. Breki ni zilezile, beringi za magurudumu ni zilezile, na matairi mara nyingi ni mabaya zaidi kuliko yale lililokuja nayo. Probox hutoka Japani na matairi ya gari la mizigo, yameandikwa LT ubavuni. Yakiisha, mtu hununua ya saluni kwa sababu ni rahisi. Hapo ndipo gari linapopasukiwa na tairi kwenye mteremko likiwa limejaa.

Na kuna jambo la sheria ambalo dereva hataki kulisikia. Gari la kibinafsi linalochukua nauli bila leseni ya uchukuzi wa umma linaweza kumwacha abiria mikono mitupu mbele ya kampuni ya bima siku ya ajali. Wewe uliyekaliwa mapajani huko nyuma ulilipa nauli kamili.

Mvua ikinyesha, Probox inakwama mlimani hata ikiwa na mzigo kidogo. Kwa nini?

Kwa sababu inavuta kwa magurudumu ya mbele. Ukiweka magunia nyuma kisha uinue pua kwenye mlima wa udongo, uzito unarudi nyuma na magurudumu yanayovuta yanabaki mepesi. Yanazunguka bure. Ndiyo maana utaona dereva mzoefu akigeuza gari na kupanda kinyumenyume: si mzaha, ameweka uzito juu ya magurudumu yanayovuta. Zipo Probox zinazovuta kwa magurudumu yote manne, na anayeishi mbali na lami afadhali aongeze pesa apate hiyo. Asidhani tu kwamba amenunua Land Cruiser. Tumbo la gari bado liko chini.

Kwenye ukanda wa chai, Konoin na Kericho, shida ni nyingine. Kule mvua hunyesha karibu mwaka mzima na lori za majani mabichi hupita zikielekea kiwandani, zikiacha mifereji miwili barabarani. Gari dogo likiingia humo linakalia tumbo. Weka kinga ya chuma chini ya sampu kabla ya kufikiria redio mpya.

Kuna tofauti gani kati ya Probox ya zamani na hii mpya? Bei zimeachana sana.

Ya kwanza ilikuja na gia za mkono au otomatiki ya gia nne. Mwaka 2014 Toyota ilibadilisha sura ya mbele, ikaondoa gia za mkono, ikaweka otomatiki ya CVT, ambayo haina gia za hatua bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazobana na kuachia. Kwenye lami tambarare ni tamu na inaokoa mafuta. Ukiijaza watu na kuipandisha milima kila siku, inapata joto, na joto ndilo adui yake mkubwa. Inataka oili yake maalumu. Usikubali fundi akumiminie oili ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa zote zinamwagika sawa.

Kwa kazi za mashambani, mimi ningechagua ile ya zamani ya gia za mkono ambayo mwenyewe ameitunza. Shida ni kwamba haziingii tena nchini. Kenya hairuhusu gari kuukuu lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo zilizopo ndizo hizohizo tunazouziana. Tangu mwaka 2018 kuna pia Probox ya haibridi. Nzuri kwa anayekwenda Bomet na kurudi, lakini uliza kwanza ni fundi gani wa karibu ameshawahi kufungua betri yake.

Kuna gari lenye kazi hiyohiyo lakini bei nafuu?

Nissan AD, ambayo wengi huku huita Advan. Inabeba vizuri, ndani ni pana. Spea si haba ingawa haziwezi kushindana na za Toyota, na ukija kuiuza utasubiri mnunuzi zaidi. Dokezo moja ambalo wauzaji hawalitangazi: Mazda Familia ya mizigo ya kuanzia 2018 ni Probox iliyobandikwa nembo ya Mazda. Ya kabla ya hapo ilikuwa Nissan AD. Ukiiona kwenye yadi Nairobi au Mombasa, tazama mwaka, kisha ujadiliane bei kwa utulivu.

Mimi ni mwalimu, nina watoto wawili. Wenzangu wananicheka nikitaja Vitz.

Waache wacheke, Mwalimu. Ukienda shuleni, Longisa hospitali ukihitajika, na kanisani Jumapili, huhitaji gari la kubeba magunia. Vitz au Demio itakula mafuta kidogo na itageuka kwenye uchochoro wowote. Tahadhari mbili. Chukua injini isiyopungua cc 1300, maana ya 1000 hulia sana mlimani watu wanne wakiwa ndani. Na usikubali iwe gari la kijiji. Ukiwa na gari hapa, ni wewe utakayeombwa kupeleka mgonjwa usiku na bwana harusi mchana, na hilo ni jema, ila Vitz haina mgongo wa Probox.

Kama unangojea mkopo wa sako, usinunue mwezi wa kumi wakati bonasi ya chai imetoka. Muuzaji hatashusha bei akijua nyuma yako yuko mkulima mwenye pesa mkononi.

Kijana, mnasifu Toyota tu. Mmeisahau Peugeot?

Hatujaisahau, Mzee. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba, na Nick Nowicki na Paddy Cliff wakawa wa kwanza. Mwaka 1968 vilevile yalimaliza saba, na washindi wakawa walewale wawili. Ushindi wa 1966 na 1967 ulichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania. Halafu 504 ikashinda 1975 na 1978. Hakuna tangazo la biashara lililoweza kusema zaidi ya hapo kwa mtu anayeishi kwenye barabara ya udongo.

Na 504 ndefu, yenye safu tatu za viti, ilikaa watu saba kihalali. Springi zake nyuma zilikuwa mbili kila upande, na ilivuta kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mzigo uliisaidia kupanda badala ya kuizuia. Kwa barabara zetu, kwa kweli, ilikuwa gari bora kuliko Probox. Ila leo spea zake zinatafutwa kama dawa ya mti wa mbali, na mafundi waliozijua wamezeeka. Ukiwa nayo, itunze. Ukitaka kununua, nitakushauri ununue ng'ombe.

Maziwa: pikapu au Probox?

Mitungi michache ya asubuhi, Probox. Ukikusanya ya majirani, pikapu. Harufu ya maziwa yaliyomwagika kwenye zulia haitoki.

Nitajuaje kama Probox ninayouziwa ilikuwa ya nauli?

Mwenyewe atakwambia ilikuwa ya mke wake. Fungua milango ya nyuma uitikise: bawaba zilizolegea zimefunguliwa mara nyingi kuliko mke mmoja anavyoweza. Tazama kiti cha dereva upande wa mlango, kama sponji imeisha. Lala chini uone springi; zikiwa za rangi mbili, zimeongezwa au zimeondolewa juzi. Angalia kama kuna nyufa au alama za kuchomelewa pembeni mwa sakafu ya nyuma.

Usidanganywe na namba. Herufi za KDA au KDG zinaonyesha lilisajiliwa lini hapa Kenya, si liliundwa lini Japani, na kati ya hayo mawili huenda pana miaka saba. Pata rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mkopeshaji anayelishikilia. Kisha njoo asubuhi injini ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe, ingia na watu wanne, upande mlima. Muuzaji akikataa jaribio hilo, rudi nyumbani na pesa zako.