Mana ya Kopo na Mana ya Kula

Somo: Kutoka 16:13–35, Yoshua 5:10–12



Wengi wenu mnaijua simu yangu ya zamani. Ni ile Nokia 1100 yenye tochi, ambayo Wakenya tuliibandika jina "mulika mwizi". Mama aliuza ndama akaninunulia nilipokuwa naingia chuo kikuu kusomea biashara. M-Pesa ya kwanza maishani mwangu iliingia humo, ikifuatwa na ujumbe wake: "Nimetuma mia tano, kula vizuri." Mama alilala katika Bwana mwaka wa 2016. Ujumbe wake ulibaki mle ndani.

Kwa hivyo hata betri ilipofura na mfuniko ukashikiliwa na raba, sikuiacha. Niliwahi kuiinua hapa madhabahuni nikisema ni somo la kuridhika. Mlinipigia makofi.

Mwezi uliopita, Alhamisi usiku, ilizima ikiwa kando ya kitanda changu. Asubuhi nilipoichomeka kwa chaja, mama mmoja wa kanisa alinipata. "Pasta, tulikupigia mara nne. Mzee alikuwa anakuulizia." Mumewe alikuwa ametutoka alfajiri. Familia imeniruhusu niyaseme haya.

Sisemi kwamba ningezuia kifo. Siku zetu ziko mikononi mwa Bwana. Lakini mzee alitaka kuombewa na pasta wake, na pasta alikuwa amelala karibu na simu iliyokufa. Yule mama hakunilaumu hata kidogo. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kumbe kile nilichokiita unyenyekevu kilikuwa ukaidi tu, na mwingine ndiye aliyelipa gharama.

Hebu turudi kwa Neno.

1. Zawadi ya Mungu ina majira yake. Mana ilitoka mbinguni, hakuna anayebisha. Hata hivyo, waliojiwekea akiba hadi asubuhi bila kuagizwa waliikuta ina mabuu na inanuka. Israeli walikula mana miaka 40. Kisha pale Gilgali wakala mazao ya nchi, na kesho yake mana ikakoma. Mungu ni yuleyule, ila watu walikuwa wamevuka mto. Sasa fikiria mtu aliyebaki nje ya hema kila asubuhi na kikapu chake akingoja mana, na shamba liko nyuma yake limejaa nafaka!

2. Kumbukumbu ina kopo lake. Mungu huyo huyo aliagiza pishi moja ya mana itiwe kwenye kopo na kuwekwa mbele zake, ili vizazi vione alivyowalisha baba zao jangwani. Kwa hivyo kukumbuka si dhambi. Lakini hatusomi popote kwamba mtu alipata chakula cha mchana kutoka kwa lile kopo. Mimi nilikuwa nataka kopo linilishe. Niliketi jioni moja nikanakili jumbe zote za Mama kwenye daftari, moja baada ya nyingine. Nililia, si uongo. Simu yenyewe sasa iko kabatini, bila betri.

3. Hesabu gharama. Yesu alifundisha hivyo katika Luka 14:28. Dukani nilionyeshwa simu kubwa ya kulipa pole pole: Sh 3,500 kwanza, halafu Sh 70 kila siku kwa mwaka mzima. Sabini inaonekana kidogo, si ndiyo? Piga hesabu: jumla ni Sh 29,050, kwa simu ambayo pesa taslimu ni Sh 18,000. Na ukikosa kulipa, inajifunga. Nilinunua ya Sh 9,500, taslimu. Darasani tulifundishwa kwamba kila chombo huchakaa, na asiyeweka kando kidogo kila mwezi atakopa siku kitakapoharibika. Kung'ang'ania cha zamani kwa sababu ya moyo, na kukimbilia kipya kwa sababu ya macho, yote mawili ni kukosa uwakili mwema.

Pengine kwako si simu. Ni cherehani, ni biashara, ni huduma unayoiongoza tangu zamani. Uliza swali moja: bado inamhudumia mtu, au inanituliza mimi tu?

Namba yangu ni ile ile. Sasa hata usiku inalia.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani
1. Ni kitu gani Mungu alikitumia jana, nawe unakilazimisha kifanye kazi ya leo?
2. Nani anaumia kwa sababu hujakiacha?
3. Utakiweka wapi kumbukumbu yake, na utaweka akiba kiasi gani kwa ajili ya kipya?

Sala: Baba, asante kwa mana ya jana. Tupe moyo wa kukumbuka bila kukwama, na mikono iliyo tayari kwa kazi ya leo. Katika jina la Yesu, amina.