Gazeti Huishi kwa Wasomaji Wake

Mara nyingi twadhani ya kuwa gazeti huzaliwa katika mtambo wa kupigia chapa. Sivyo. Mtambo hutoa karatasi tu; wasomaji ndio watoao uhai. Jambo hili twaliona wazi katika Bara Hindi, ambako magazeti ya lugha za wenyeji yalianza mapema kuliko kwetu.

Tarehe 30 Mei, 1826, mjini Calcutta, mwanasheria Jugal Kishore Shukla alitoa gazeti la kwanza la Kihindi, jina lake Udant Martand. Lilitoka kila Jumanne. Wasomao Kiingereza, Kiajemi na Kibengali walikwisha kuwa na magazeti yao. Wasemao Kihindi hawakuwa na lao. Nia yake ilikuwa njema. Lakini Calcutta ni mji wa Wabengali, na wasomaji wengi wa Kihindi walikaa mbali, upande wa kaskazini. Gharama ya posta ilikuwa kubwa, wala serikali haikukubali kuipunguza. Fedha zikaisha, na mwezi wa Desemba, 1827, gazeti likafungwa.

Bombay mambo yalikuwa mengine. Fardunjee Marzban, aliyekuwa amefungua kiwanda cha chapa za Kigujarati mwaka 1812, alianzisha Mumbai Samachar mwaka 1822. Wafanyabiashara wa mji ule ule walihitaji habari za meli na bidhaa, wakalinunua. Latoka hata leo, baada ya miaka zaidi ya 200.

Wakatoliki nao hawakulala. Kusini, huko Mannanam, Mtakatifu Kuriakose Elias Chavara alianzisha kiwanda cha chapa mwaka 1846. Yeye alifariki mwaka 1871, lakini kazi yake haikufa: mwaka 1887 likatoka humo Nasrani Deepika, gazeti la Kimalayalam.

Basi, tujifunze nini? Udant Martand halikukosa akili wala lugha nzuri. Lilikosa msomaji wa karibu mwenye kulilipia. Nasi tujipime. Je, gazeti la lugha yetu twalinunua, au twangoja jirani amalize lake? Je, twawasomea wazee na watoto jioni, au twalifungia sukari? Lugha isiyolipiwa na wenyewe hunyamaza, na siku hiyo habari zetu zitasimuliwa na wengine.