Mbona Dereva Hatapiki? Maswali ya Msafiri wa Voi na Wundanyi

MTU akipanda matatu mjini Voi kwenda Wundanyi kupitia Mwatate, huanzia kwenye nyanda za joto zilizo mita zipatazo 600 juu ya usawa wa bahari, na kufika milimani kwenye mita zipatazo 1,400. Mwendo wenyewe si mrefu, lakini mwili hupitia mambo mengi njiani. Juma hili tujibu maswali matatu ambayo wazazi hupenda kuuliza, hasa wakati wa likizo za shule.

Mbona abiria hutapika lakini dereva hatapiki?

Ndani kabisa ya sikio mna mirija midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo husogea na ubongo hujulishwa kwamba mwili unaenda. Abiria anayesoma gazeti au kuinamia simu, macho yake huuambia ubongo kwamba ametulia, hali sikio linasema anazungushwa kona baada ya kona. Habari hizo mbili zikipingana, huja jasho jembamba, mate kujaa kinywani, kichefuchefu, kisha matapishi. Dereva huiona kona kabla hajaifikia, na ni yeye anayekata usukani, kwa hivyo ubongo wake huwa tayari.

Wanaosumbuka zaidi ni watoto wa kati ya miaka 2 na 12, na akina mama waja wazito. Mkalishe mtoto mahali anapoweza kuona mbali mbele ya gari. Fungua dirisha, mpe chakula chepesi kabla ya safari, na asisome wala kuchezea simu. Dawa za kuzuia kutapika humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Nyingi huleta usingizi, kwa hivyo dereva asizitumie, na mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe bila ushauri wa daktari. Mja mzito naye aulize kwanza kliniki.

Lakini tahadhari! Kutapika kwa safari hupungua upesi gari likisimama. Mtoto wa milimani akikaa Voi likizo nzima kisha arudi nyumbani akitapika huku mwili una joto, usiilaumu barabara. Malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu mtu aumwe na mbu, kwa hivyo yaweza kujitokeza wakati amekwisha kurudi kwenye baridi ya Wundanyi. Mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo. Kadhalika, mtu anayetapika baada ya kugonga kichwa apelekwe hospitali mara moja.

Mbona masikio huuma zaidi nikiteremka kuliko nikipanda?

Nyuma ya kiwambo cha sikio mna hewa, na mrija mwembamba huiunganisha na koo. Ukipanda mlima, hewa ya nje hupungua nguvu, nayo ya ndani ya sikio hutoka kwa urahisi kupitia mrija huo. Ukiteremka, hewa ya nje huongezeka nguvu na kukisukuma kiwambo kwa ndani. Hapo mrija hauna budi kufunguliwa ili hewa iingie, na kinachoufungua ni kumeza mate, kupiga miayo au kutafuna. Mwenye mafua huumia zaidi kwa kuwa mrija wake umevimba. Mtoto mchanga anyonyeshwe gari linapoteremka. Maumivu yakiendelea kwa siku mbili, au sikio likitoa usaha, mwone daktari.

Kuna ubaya gani kumwacha mtoto amelala garini dakika chache nikiingia sokoni?

Ubaya ni mkubwa. Jua hupenya vioo na kupasha moto viti na dashibodi, na joto hilo halipati pa kutokea. Kwa dakika 10 tu, joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi. Jua la Voi likiwa nyuzi 32, ndani hufika zaidi ya 40. Kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii sana. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, naye hawezi kufungua mlango. Anaweza kufa ukiwa ungali unauliza bei ya nyanya.

Ukimkuta mtoto amelegea ndani ya gari, mtoe upesi, mweke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na umpepee, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote.

Basi, mzazi mpendwa, ukishuka garini, shuka na mwanao, hata kama usingizi wake ni mtamu.