Dondoo muhimu: Kutoka Kariakoo hadi makaburi ya Kaole

Makaburi ya nguzo ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, yanatembeleka kwa siku moja ukijipanga.

1. Toka Kariakoo alfajiri, kabla mikokoteni haijaziba njia. Daladala za Bagamoyo utazipata kituo cha Makumbusho.
2. Ukifika Bagamoyo, patana na bodaboda nauli ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.
3. Lipa kiingilio, dai risiti, mchukue mwongoza wageni. Bila yeye utaona mawe tu.
4. Usipande wala kuegemea nguzo. Ni matumbawe na chokaa, na zimechoka.
5. Usiokote hata kigae.
6. Kwenye kaburi la Sharifa, mmoja wa waliozikwa hapa, watu bado huomba dua: jistiri mabega na magoti, na usipige picha waombaji bila ruhusa.
7. Beba maji na kofia.