Kompyuta na Hatima ya Lahaja za Kiswahili

Makala hii inajadili faida na madhara ya kompyuta kwa jamii ya Waswahili kwa kuangalia kazi moja tu: usahihishaji wa tahajia.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vingi. Neno hatujawapigia, kwa mfano, lina mofimu saba: ha-tu-ja-wa-pig-i-a. Kwa kuwa mzizi mmoja huzaa maelfu ya maumbo, orodha ya maneno haitoshi. Sharti programu ipewe kanuni za uambishaji. Uwezekano huo ulionyeshwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika uchanganuzi wake wa mwaka 1992. Faida yake ni dhahiri: karani, mwalimu na mwanafunzi huandika lugha yao kwa usahihi na wepesi.

Madhara nayo hutokana na chanzo hichohicho. Kanuni na msamiati huo ni wa Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Msemaji wa Kimvita aandikapo nti, ndia na mato, yaani nchi, njia na macho, programu isiyoijua lahaja yake huyahesabu maneno hayo kuwa makosa. Usanifishaji wa awali ulihusu zaidi vitabu. Simu na kompyuta hufika hata katika barua ya mtu kwa nduguye.

Suluhisho si kuuacha usanifu, bali kuingiza msamiati wa lahaja katika hazina za matini, kila neno likitajiwa lahaja yake. Idara za Kiswahili zina wataalamu wa kazi hiyo, nayo yafaa ifanywe wakati wazee wanaozijua lahaja hizo wangali hai.