Kuchagua Kitabu cha Vigezo vya Nguo

Mtu atakaye kujenga nyumba hulaza kamba chini kwanza, apate kujua ukuta utasimama wapi. Mshona nguo naye ana kamba yake, nayo ni kigezo. Kigezo ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la sehemu moja ya nguo: kifua, mgongo, mkono au kola. Karatasi huwekwa juu ya kitambaa na kushikizwa kwa pini, kisha kitambaa hukatwa kwa kuifuata. Kitabu kilichokusanya vigezo vingi pamoja na maelezo ya kushona ndicho kitabu cha vigezo. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kukichagua, maana si kila kitabu kipendezacho macho kinafaa kwa mkasi.

Zamani wazee wetu wa Uchagani hawakuhitaji kigezo. Walivaa ngozi za wanyama zilizolainishwa. Misafara ya pwani ilipofika mlimani ilileta merikani, ndiyo nguo ya pamba isiyotiwa rangi, na kaniki, iliyo nyeusi. Nguo hizo zilizungushwa mwilini au kufungwa begani, wala hazikukatwa. Baadaye shule za misheni zilifunguliwa mlimani katika miaka ya 1890, na mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi. Vitambaa na cherehani vikazidi, na watu wakazoea mashati, kaptula na magauni. Sasa, nguo ya kufunga humfaa mnene na mwembamba pia. Bali nguo ya kukatwa humfaa yule tu aliyepimwa. Ndiyo maana mshonaji wa leo anahitaji kigezo.

Katika nchi nyingine vitabu vya namna hii ni vya siku nyingi. Fundi mmoja wa Hispania, Juan de Alcega, alichapisha kitabu mwaka 1580 kuonyesha jinsi ya kupanga vipande vya nguo juu ya kitambaa ili kisipotee bure. Huko Marekani, mwaka 1863, fundi Ebenezer Butterick wa Sterling, Massachusetts, alianza kuuza vigezo vya karatasi vya vipimo mbalimbali. Kabla yake, vigezo vilivyotolewa katika magazeti vilikuwa vya kipimo kimoja tu, na kila mshonaji alilazimika kuvipanua au kuvipunguza mwenyewe. Kumbe shida ya mwanzo kabisa ilikuwa hii: karatasi moja na miili mingi. Shida hiyo ingali ipo, nami nitawaeleza jinsi ilivyoingia nyumbani kwetu.

Nilipokuwa karibu kupata kipaimara, mama yangu aliuza ndizi wiki nyingi. Kahawa ilikuwa mali ya baba, na fedha yake ilikwisha kwa karo na mbolea. Ndizi ndizo zilizokuwa za mama. Alibeba mikungu kichwani mpaka soko la Marangu, akaweka shilingi moja moja katika kopo. Kopo lilipojaa, alishuka Moshi pamoja na dada yangu, wakanunua yadi 3 za kitambaa cheupe. Dada alikuwa amejifunza kuendesha cherehani, akasema hapana haja ya kumlipa fundi. Sokoni aliona kitabu cha vigezo kilichokwisha kutumiwa na watu wengine. Juu ya jalada palikuwa na picha ya msichana aliyevaa gauni refu jeupe lenye marinda. Dada alikinunua palepale kwa ajili ya picha ile, asisome hata ukurasa mmoja wa ndani.

Tuliporudi nyumbani alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka karatasi, akakata. Kifua kilitoka, mgongo ukatoka, sketi ikatoka. Alipotafuta mahali pa kukatia mikono, hapakuwa na mahali. Akasema, "Tutashona gauni lisilo na mikono." Akashona. Nilipolivaa, lilinibana kifuani hata sikuweza kuvuta pumzi vema. Nami nilipoinua mikono, mshono wa kwapani uliachia. Dada alilia. Mama hakugomba. Alikusanya vipande, akavikunja, akavitia kikapuni, akasema, "Kesho tutakwenda kwa mtu anayejua, atuambie tumekosea wapi."

Kesho yake tulikwenda Moshi kwa fundi mmoja mzee aliyeshona barazani.

"Shikamoo, baba," dada akamwamkia.

"Marahaba, binti yangu. Mna neno gani?"

Dada akampa gauni na kitabu. Yule mzee alivaa miwani, akasoma kitabu kitambo kirefu kabla ya kuligusa gauni. Kisha akasema, "Binti yangu, mkono wako umeshona vizuri. Kosa lako ni kwamba ulikiamini kitabu nacho hakikujui. Hakikujua kifua cha mdogo wako wala upana wa kitambaa chako. Nawe hukukiuliza chochote."

Ndipo akatuonyesha makosa mawili. La kwanza, kitabu kilitaka yadi 3 za kitambaa chenye upana wa inchi 60, nasi tulinunua yadi 3 za kitambaa chenye upana wa inchi 45. La pili, vigezo vile havikuwa na nafasi ya mshono. Kifua changu kilikuwa inchi 30. Gauni kwa mzunguko wake lilikatwa inchi 33, ili inchi 3 ziwe za kupumulia. Lakini gauni lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili. Jumla ni kingo nne. Kila ukingo ulikula nusu inchi, basi inchi 2 zikapotea. Ikabaki inchi 31 kwa mtu mwenye kifua cha inchi 30. Na maneno hayo yote yalikuwa yameandikwa katika ukurasa wa tatu.

Siku ya kipaimara nilivaa gauni la kuazima la binamu yangu. Nimewaeleza habari hii ili msikate kitambaa cha mama zenu kwa kufuata picha. Sasa yafuateni mashauri haya.

Kwanza, jiulize nyumbani mnashona nguo gani. Kitabu cha nguo za karamu hakitamsaidia mtu anayetaka sare za shule, shati, kaptula, gauni la kazi na nguo za mtoto mchanga. Fikiri pia mahali unapokaa. Huko juu ya miteremko, mwezi wa Juni na Julai kuna baridi na ukungu, na watu huhitaji mikono mirefu na kitambaa kizito. Katika mji wa Moshi chini, joto hutaka nguo nyepesi iliyo pana. Kitabu chenye nguo chache za kawaida zilizoelezwa vema ni bora kuliko chenye nguo mia zilizoonyeshwa kwa picha tu.

Pili, chukua vipimo kabla ya kwenda kununua. Pima kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, na urefu wa mgongo kutoka shingoni hata kiunoni. Andika katika kipande cha karatasi, ukakichukue. Kitabu chema kina jedwali la vipimo. Tafuta humo vipimo vyako, wala usitazame umri, maana watoto wawili wa miaka 12 huweza kutofautiana sana kifuani. Angalia vilevile kama kitabu chahesabu kwa inchi au kwa sentimita. Inchi moja ni sentimita 2.54, mwenye kuchanganya mambo hayo mawili atashona nguo ya mwanasesere.

Tatu, tafuta habari ya nafasi ya mshono. Vitabu vingine huitia ndani ya kigezo, na vingine huiacha, mshonaji aiongeze mwenyewe kwa chaki. Namna zote mbili ni njema, mradi ujue kitabu chako ni cha namna gani. Kitabu kisichosema neno lolote juu ya jambo hili kirudishe mahali pake.

Nne, soma kiasi cha kitambaa pamoja na upana wake, kwani yadi bila upana haina maana. Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha yadi kwa upana wa kitabu, kisha gawanya kwa upana wa kitambaa chako. Katika gauni langu, 3 mara 60 ni 180; ukigawanya kwa 45 unapata 4. Tulihitaji yadi 4, nasi tulinunua 3. Jua pia kwamba hesabu hii ni ya kukadiria. Kitenge chenye maua yanayotazama upande mmoja huhitaji kitambaa zaidi, maana vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, ama sivyo maua ya mgongoni yatasimama kichwa chini.

Tano, jaribu kukisoma. Je, lugha yake waielewa? Je, kila hatua ina picha? Alama zake zimeelezwa? Mshale mrefu juu ya kigezo huonyesha njia ya nyuzi za mtande, yaani zile ziendazo kwa urefu wa kitambaa. Ukilaza kigezo mshazari, nguo itavutika na kupinda baada ya kufuliwa. Alama ya mkunjo huonyesha mahali ambapo kitambaa hukunjwa mara mbili na hakikatwi. Asiyeijua hukata kifua kizima kikawa nusu mbili. Ikiwa kitabu kimekwisha kutumiwa, hesabu vipande vyake vyote. Kigezo cha shati kisicho na kola si kigezo cha shati.

Sita, jua aina za vitabu. Kimoja huwa na karatasi za ukubwa wa nguo yenyewe, tayari kukatwa. Hicho ni rahisi kwa anayeanza. Cha pili huwa na picha ndogo zilizochorwa juu ya miraba, nawe huzikuza, labda kila mraba uwe inchi moja. Hicho chataka rula na uvumilivu. Cha tatu hakina kigezo hata kimoja, bali kinakufundisha kuchora kigezo kutokana na vipimo vya mtu mwenyewe. Mwanzoni ni kigumu. Lakini katika nyumba yenye watoto wengi hicho ndicho kinachodumu, kwani mtoto akikua unapima tena na kuchora tena, bila kununua kitabu kipya.

Huenda mtu akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Ni kweli kwamba fundi hodari hushona hata kwa kitabu kibovu. Lakini yeye tayari anayajua yale ambayo kitabu hakikuyasema. Anayejifunza hana budi kuchagua.

Hata ukiisha kupata kitabu kizuri, usikate kitambaa kipya siku ile ile. Nakili kigezo juu ya karatasi za gazeti, ukaziweke mwilini na kuona. Kisha kata shuka kuukuu, uzishikize sehemu zake kwa mishono mirefu ya mkono, umvalishe mwenye nguo. Mwambie ainue mikono, aketi, ainame kana kwamba anachota maji. Ikibana, sahihisha kigezo. Shuka kuukuu likiharibika hakuna hasara. Kitambaa kipya kikikatwa vibaya ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Yule fundi mzee hakuchukua fedha zetu siku ile. Alimwambia dada arudi kila Jumamosi na karatasi za gazeti, naye dada akarudi kwa miezi mingi. Vile vipande vya gauni langu alivigeuza kuwa nguo mbili za mdogo wetu mchanga, na kitabu chenye picha nzuri akakihifadhi, ila sasa alisoma ukurasa wa tatu kabla ya jalada. Miaka mingi baadaye yeye ndiye aliyenishonea gauni la harusi. Alinipima mara tatu, hata nikacheka. Mama aliyekuwa ameketi karibu akasema, "Mwache apime. Kipimo cha nne kingekuwa bei nafuu kuliko ndizi zangu."

MASWALI

1. Kigezo ni nini? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
2. Kwa nini nguo ya kufunga haikuhitaji kigezo?
3. Gauni la kipaimara lilibana kwa sababu gani? Onyesha hesabu yake.
4. Kitabu kinataka yadi 6 za kitambaa chenye upana wa inchi 36. Kitambaa chako kina upana wa inchi 54. Utahitaji yadi ngapi?
5. Fundi mzee alikuwa na maana gani aliposema kwamba kitabu "hakikujui"?
6. Mpime mwenzako kifua, kiuno, mabega na urefu wa mgongo. Andika vipimo hivyo kwa inchi, kisha kwa sentimita.